Mshipa Umefunguka, Mguu Bado Unaoza

Mgonjwa wa kisukari ambaye figo zake zimeshindwa anaweza kutoka chumba cha upasuaji na mshipa mpya uliounganishwa vizuri kutoka pajani hadi juu ya unyayo. Daktari anaweka kidole, anausikia ukipiga. Dopla, kifaa cha kusikilizia damu ikipita, inavuma. Wiki nane baadaye mguu uleule unakatwa chini ya goti, na mshipa ule bado unapitisha damu siku ya kukatwa. Haukuziba hata siku moja.

Kwenye daftari la upasuaji, hiyo ni kazi iliyofaulu. Nyumbani kwake Mtongwe au Kisauni, hapa Mombasa, huyo ni mtu aliyepitia kisu mara mbili, akapoteza miezi miwili wodini na mguu juu yake. Madaktari wa mishipa wamelijua jambo hili tangu miaka ya 1990: kwa wanaosafishwa damu kwa mashine baada ya figo kushindwa, si miguu michache inayokatwa mshipa ukiwa wazi. Bado ripoti nyingi zinaanza na hesabu ya mishipa iliyobaki wazi, kana kwamba mgonjwa alikuja kutafuta bomba. Alikuja kwa sababu ya donda. La kuulizwa ni kama donda limepona, kama mtu anatembea, na kama yuko hai mwaka ukiisha. Ukiyauliza haya matatu, uamuzi wa nani apasuliwe, lini, na nani aachwe, unabadilika sana.

Tuanze na mishipa yenyewe. Kisukari peke yake hupenda kuziba mishipa iliyo kati ya goti na kifundo cha mguu, ile mitatu myembamba inayopita kwenye muundi na nyuma ya shavu la mguu. Juu ya paja mara nyingi hali ni afadhali, na chini kabisa, kwenye unyayo, mishipa huwa imenusurika. Ndiyo maana mgonjwa wa kisukari mwenye figo nzima hufaidika na upasuaji wa kuunga mshipa, baipasi kama wengi wanavyoiita: unaruka sehemu iliyoziba, unashukia kwenye mshipa mzuri wa unyayo, damu inasambaa, donda linafunga.

Figo zikishindwa, ramani hiyo inavurugika. Fosfeti hupanda kwenye damu, urari wa kalsiamu unaharibika, na ukuta wa kati wa mshipa unaanza kushika chokaa. Anayechemsha maji ya kisima cha chumvi Mombasa anaijua birika inavyokuwa baada ya mwaka: ganda jeupe, gumu, limeng'ang'ania hadi kwenye mdomo. Mishipa ya mgonjwa wa figo hufanya vivyo hivyo, na ganda haliishii kwenye mabomba makubwa. Linashuka hadi kwenye upinde wa mishipa ya unyayo na matawi madogo ya vidole na kisigino. Hapo hakuna daktari wa kuunga wala wa kupanua. Ukileta damu nyingi kwenye kifundo cha mguu na milango ya vidole imefungwa, umeijaza barabara kuu magari huku vichochoro vyote vimezibwa. Hicho ndicho kisa cha mshipa unaopiga juu ya mguu unaooza.

Chokaa hiyohiyo inadanganya vipimo, na hapa ndipo wagonjwa wengi wanapotezewa muda. Kipimo cha kawaida ni kulinganisha presha ya kifundo cha mguu na ile ya mkono. Uwiano wa chini ya 0.9 unasema mishipa imeziba, na chini ya 0.4 mguu uko hatarini. Lakini kitambaa cha mashine ya presha hufanya kazi kwa kuubana mshipa mpaka damu isimame, na mshipa wa chokaa haubanwi. Namba inapanda hadi 1.4 na zaidi, au, hatari zaidi, inatua kwenye 1.0 na kuonekana safi kabisa. Mgonjwa anarudishwa nyumbani na kuambiwa mishipa mizima, donda lisafishwe tu. Kwa anayesafishwa damu, namba nzuri ya kifundo haina thamani yoyote ikisimama peke yake. Anayeiandika kwenye faili bila kupima kidole cha mguu ameacha kazi katikati.

Dole gumba halishiki chokaa kwa kiwango kile, kwa hiyo presha yake husema kweli zaidi. Inahitaji kitambaa kidogo cha kidole na kifaa cha kusikiliza, na ikiwa chini ya milimita 30 za zebaki, donda halitarajiwi kupona bila kuongezewa damu. Pasipo kitambaa hicho, dopla ya mkononi, kama ile inayosikiliza moyo wa mtoto tumboni, inasaidia ikiwa na kichwa cha kupimia mishipa. Mshipa mzima una mlio wa hatua tatu, wenye kupanda na kushuka kwa kasi. Mlio mmoja mzito unaovuma kama upepo dirishani ni wa mshipa ulio nyuma ya kizuizi. Muuguzi akifundishwa tofauti hiyo, baada ya miguu kumi hivi sikio linaizoea.

Na macho yawe kazini pia. Pwani yetu kuna jambo ambalo vitabu vya hospitali havilitaji: hina na piko. Mama aliyejipamba miguu kwa harusi ya mjukuu wake anaweza kuwa na kidole kilichogeuka cheusi na mtu asikitambue, kwa sababu weusi wa piko na weusi wa nyama iliyokufa vinafanana ukitazama kwa mbali. Bonyeza ncha ya kidole pasipopambwa, hesabu sekunde mpaka rangi irudi, gusa ubaridi wake, nusa katikati ya vidole. Na umwombe, kwa heshima yake, aache ncha za vidole na kucha bila piko. Wengi hukubali wakielezwa sababu.

Sasa namba za matokeo. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi za kuunga mishipa chini ya kinena kwa wagonjwa wa figo zilizoshindwa, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba baada ya miaka 5 karibu miguu 67 kwa 100 ilikuwa imeokolewa, ilhali wagonjwa waliokuwa hai walikuwa 23 tu kwa 100. Namba hizi mbili zisomwe pamoja. Inawezekanaje miguu iliyookolewa iwe mingi kuliko watu? Katika hesabu ya aina hii, anayefariki na mguu wake hutolewa tu kwenye orodha. Hahesabiwi kama aliyeshindwa. Kwa hiyo "mguu umeokolewa" mara nyingi humaanisha kwamba mwenyewe alitangulia. Vifo vya karibu na siku za upasuaji, katika mkusanyiko huohuo, vilikaribia 9 kwa 100, kiwango ambacho daktari wa mishipa asingekivumilia kwa mgonjwa mwenye figo nzima.

Kabla mtu hajasema basi kata moja kwa moja, atazame upande wa pili. Takwimu za Marekani zilizochapishwa mwaka 1999 zilionyesha kwamba wagonjwa wa kisukari wenye figo zilizoshindwa walikatwa miguu kwa kiwango cha mara 10 kuliko wagonjwa wa kisukari kwa jumla, na kwamba theluthi mbili ya waliokatwa walifariki ndani ya miaka 2. Sehemu kubwa ya hao haikuuawa na msumeno. Kukatwa mguu ni alama kwamba mishipa ya moyo na ubongo iko katika hali ileile. Lakini mtu wa miaka 64 aliyekuwa akipanda feri ya Likoni kwa miguu yake, akageuka wa kubebwa, hushuka haraka: misuli inayeyuka, hamu ya chakula inaondoka, na vipindi vya kusafishwa damu vinaanza kukosekana kwa sababu hakuna wa kumsukuma kitini mpaka barabarani.

Kati ya kuunga mshipa na kuupanua kwa puto, tafiti mbili kubwa zimekuja na majibu yanayoonekana kupingana. BEST-CLI, iliyotolewa mwaka 2022 na kuhusisha wagonjwa 1,830, ilikuta kwamba wenye vena nzuri ya paja, yaani mshipa wa kurudisha damu moyoni unaotolewa ili kuungia, walifanya vyema zaidi wakiungwa mshipa: pigo kubwa la mguu (kukatwa juu ya kifundo au kurudiwa matibabu makubwa ya mshipa) au kifo liliwapata asilimia 42.6, dhidi ya asilimia 57.4 kwa waliotibiwa kwa puto na stenti, kijibomba cha waya kinachoshikilia mshipa wazi. Waliokosa vena nzuri hawakuonyesha tofauti ya maana. Mwaka uliofuata BASIL-2, iliyoongozwa na madaktari wa Uingereza kwa wagonjwa 345 wenye mishipa iliyoziba chini ya goti, ikakuta kinyume: waliokatwa mguu au kufariki walikuwa asilimia 63 kwenye kuunga na asilimia 53 kwenye puto, tofauti ikitokana zaidi na vifo.

Wengi wanabishana utafiti upi ni sahihi. Kwa mgonjwa wetu ubishi huo hauna tija, kwa sababu wanaosafishwa damu walikuwa wachache katika tafiti zote mbili. Linalomhusu ni hili: kuunga mshipa ni uwekezaji wa muda mrefu unaolipwa mwanzoni kwa hatari kubwa, na faida yake huvunwa baada ya mwaka wa pili na kuendelea. Mtu ambaye hatarajiwi kuufikia mwaka huo analipa gharama yote bila kuvuna. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2019 unamhesabu mgonjwa kuwa wa hatari kubwa ikiwa uwezekano wa kufariki karibu na upasuaji unafika asilimia 5, au matumaini ya kuishi miaka 2 hayazidi asilimia 50. Wengi wanaosafishwa damu na wana donda jeusi mguuni wanaingia humo kabla hata hawajapimwa moyo.

Ndiyo maana kwa wengi wao puto ndilo la kujaribiwa kwanza. Ni kweli kwamba mshipa wa chokaa uliopanuliwa hurudi kujikunja, na baada ya miezi michache mingi huwa imebana tena. Lakini donda halihitaji damu nyingi milele. Linahitaji damu nyingi kwa miezi mitatu au minne ya kujenga nyama na kufunga ngozi. Likishafunga, ngozi nzima hutosheka na damu kidogo. Puto linaloshikilia miezi minne likiwa na muuguzi mzuri wa vidonda limefanya kazi yake. Puto linaloshikilia mwaka mzima kwenye mguu ambao bandeji yake haibadilishwi ni hasara tupu.

Kuunga mshipa kubaki kwa yule anayestahili, naye yupo: anatembea mwenyewe kabla ya donda, moyo wake umepimwa na unasukuma vizuri, albumini yake, protini ya damu inayoonyesha hali ya lishe, haiko chini ya gramu 35 kwa lita, donda liko kwenye vidole na halijala kisigino, picha inaonyesha upinde wa unyayo angalau kwa sehemu, na ana vena ya paja ya milimita 3 au zaidi, ndefu, isiyo na makovu. Akiwa na yote hayo, umri wa miaka 70 usimnyime. Akikosa matatu, asishawishiwe.

Kazi yenyewe mezani ni ngumu kuliko inavyosimuliwa. Mshipa wa chokaa haubanwi kwa koleo za kawaida: ukiubana, ganda linavunjika kama yai la kuchemshwa, vipande vinashuka unyayoni na ukuta unapasuka. Mpasuaji mzoefu hufunga mkanda wa hewa pajani, damu ikasimama mguu mzima, akafungua mshipa bila kuugusa kwa chuma. Sindano ya uzi mwembamba wa 7-0 hupinda kwenye chokaa, kwa hiyo hutafuta sentimita moja au mbili zilizo laini, na pasipokuwepo humenya ganda la ndani kwa uangalifu kabla ya kushona. Vena za mikono, ambazo kwa wagonjwa wengine ni akiba nzuri pale ya paja inapokosekana, hapa hazichukuliwi ovyo. Hizo ndizo fistula ya kesho, mlango wa kusafishia damu. Kuichukua vena ya mkono ili kuokoa vidole viwili kunaweza kumfungia mtu njia ya kuishi.

Mkato wa kutolea vena nao huua mguu. Tunausikia mshipa tu, ilhali jeraha refu lililopasuliwa kutoka kinena hadi shavu la mguu, kwenye ngozi iliyovimba maji, hufumuka siku ya kumi likaingia wadudu. Inapowezekana vena itolewe pajani, kwa mikato mifupi yenye madaraja ya ngozi kati yake, na nyuzi zisiharakishwe kutolewa. Siku 21 hadi 28 si nyingi kwa mtu ambaye sumu za figo zinazuia ngozi kushikana.

Kabla ya hapo kuna suala la siku. Upasuaji upangwe siku inayofuata kusafishwa damu, maji ya ziada yakiwa yametolewa na potasiamu ikiwa imeshuka. Hapa Mombasa kuna kitu kinachoahirisha upasuaji kuliko watu wanavyodhani, nacho ni dafu. Jamaa wanakuja wodini kumtazama mgonjwa, wanamletea madafu mawili na kibunda cha tende, kwa mapenzi yao. Dafu moja la kawaida lina miligramu 600 au zaidi za potasiamu, wakati wengi wanaosafishwa damu wanapangiwa 2,000 hadi 2,500 kwa siku nzima. Asubuhi kipimo kinasoma 6.4, daktari wa usingizi anakataa, na ana haki: moyo unaweza kusimama mezani. Zamu inapotea, labda kwa wiki mbili, na kidole kilichokuwa kikavu kinalowa.

Kulowa huko ndiko kunakobadilisha kila kitu. Kidole kikavu, cheusi, kilichonyauka kama tende, kisicho na harufu, kina subira: kiachwe kikavu, kipakwe dawa ya kuua wadudu, kizungushiwe shashi, na mishipa ishughulikiwe kwanza. Kikilowa, kikivimba, wekundu ukapanda juu ya unyayo au ukasikia hewa ikitambaa chini ya ngozi unapobonyeza, hakuna tena kungoja picha za mishipa. Usaha ufunguliwe siku hiyohiyo, nyama iliyokufa itolewe, antibayotiki zianze, na mishipa ifuate baada ya siku chache. Ukigeuza mpangilio, ukaunga mshipa juu ya usaha, umewapelekea wadudu chakula.

Na hapa tuseme wazi kuhusu maji moto. Kukanda mguu kwa maji ya moto na chumvi ni tiba ya upendo katika nyumba nyingi za Pwani, na kwa aliyeteguka ni sawa. Kwa mguu uliokufa ganzi ni mkasa. Mgonjwa hasikii moto, ngozi inaungua na kububujika malengelenge, damu ya kuiponya haipo, na kidole kikavu kinalowekwa mpaka kinaoza. Vivyo hivyo kukanyaga sakafu ya nje saa saba mchana ukitoka msikitini huku viatu viko mbali, au lami ya Kongowea kwa ndara zilizokwisha soli. Udhu hauna shida ukifuatwa na taulo kavu kati ya kila kidole.

Lakini mguu mwingi unaopotea haupotei chumba cha upasuaji. Unapotea kwenye kiti cha kusafishia damu, na kisa chake huanzia jikoni.

Chukua mtu wa kilo 60. Amekula ng'onda na achari Ijumaa, kiu ikamshika, akanywa. Jumatatu anafika kituoni na kilo 4 za maji juu ya uzito wake mkavu, yaani uzito wake bila maji ya ziada. Mashine ina saa 4 za kuyatoa, yaani lita moja kila saa, sawa na karibu mililita 17 kwa kila kilo kila saa. Kikomo kinachopendekezwa ni 13, ambacho kwa mtu huyu ni takriban lita 3 na kidogo kwa kipindi. Saa ya tatu presha inaanguka, anatapika, analazwa kichwa chini. Moyo na ubongo hupewa damu kwanza, na unyayo ndio wa mwisho kwenye foleni. Oksijeni ya ngozi ya mguu hushuka wakati wa kipindi na huchukua saa kadhaa kurudi. Mtu ambaye oksijeni yake ilikuwa ya kubahatisha huinyimwa kabisa mara mbili kila wiki. Mshipa uliounganishwa juzi nao unaweza kuganda katika nusu saa ile ya presha 80. Mazoea ya vipindi viwili kwa wiki, ambayo tuliyarithi kutoka enzi za NHIF, bima ya afya ya taifa ya Kenya, kabla SHA haijachukua nafasi yake Oktoba 2024, yanalifanya jambo hili kuwa baya zaidi, kwa kuwa mapengo kati ya vipindi ni marefu na maji yanarundikana. Kwa mwezi wa kwanza baada ya upasuaji wa mguu, kipindi cha tatu kwa wiki kitafutwe kwa kila njia. Kina thamani kuliko dawa nyingi zitakazoandikwa.

Kwenye kiti hichohicho kuna kisigino. Saa 4, mguu haujisikii, kisigino kimelalia plastiki ngumu ya kiti. Hiyo ni saa 8 kwa wiki za kukandamizwa nyama isiyo na damu, na donda la kisigino ndilo gumu kuliko yote kupona kwa wagonjwa hawa hata mshipa ukifunguka. Dawa yake ni mto mdogo au kanga iliyokunjwa mara nane, uwekwe chini ya shavu la mguu ili kisigino kielee hewani. Hauhitaji bajeti. Unahitaji mtu mmoja wa kuukumbuka.

Chakula nacho kizungumzwe kwa ukweli. Tunawakataza wagonjwa vitu vingi hadi wanaogopa sahani, kisha tunashangaa vidonda havifungi. Anayesafishwa damu anahitaji gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito, yaani gramu 60 hadi 72 kwa mtu wetu, na akiwa na donda asishuke chini ya hapo. Changu au tafi mbichi aliyechemshwa au kukaangwa kidogo, ute wa mayai, kuku. Papa mkavu, dagaa na soda nyeusi ndivyo vya kuepukwa, kwa chumvi na fosfeti. Kipimo cha sukari cha miezi mitatu kinaweza kusoma chini kuliko hali halisi kwa sababu ya upungufu wa damu na sindano za kuiongeza, na insulini hukaa mwilini muda mrefu zaidi figo zinapokufa, kwa hiyo dozi ya zamani inaweza kumwangusha mtu usiku. Metformini, kidonge cha kushusha sukari, haina nafasi tena. Aspirini au klopidogreli mara nyingi huendelea. Warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, iogopwe: inazidisha chokaa kwenye mishipa na inaweza kuozesha ngozi yenyewe.

Wapo ambao hawafai kuguswa mshipa hata kidogo, na kusema hivyo si kumkatia mtu tamaa. Aliyelala kitandani miezi, goti limekunjika halinyooki, kisigino chote kimekufa, au moyo hausukumi: kwa huyu kukatwa mara moja, mahali patakapopona, ni huruma kuliko upasuaji wa saa 5 unaofuatwa na kukatwa. Kwa mwingine, dawa za maumivu na kubaki nyumbani na watu wake ni uamuzi wa heshima. Mazungumzo hayo yafanywe kabla, si usiku wa homa, na yafanywe na mgonjwa mwenyewe kwanza. Mtoto wa kiume aliyeshuka kutoka Nairobi asiamue juu ya kichwa cha mzee ambaye bado anajua anachotaka. Maneno ya kutosha ni kama haya: "Shikamoo mzee. Mguu huu tunaweza kujaribu kuuongezea damu. Kwa watu walio kama wewe, wengine hupona, wengine hukatwa baadaye, na wengine mwili hauhimili upasuaji. Tukikata sasa chini ya goti, kidonda kina nafasi nzuri ya kupona, lakini kutembea tena kutategemea nguvu zako. Ungependa tufanye nini, na nani ungependa awepo tukizungumza?" Kisha anyamaze, amsikilize.

Chini ya goti au juu yake ni tofauti ya maisha. Goti likibaki, mtu anaweza kujigeuza, kukaa, kusali kitini bila kuanguka, na labda kuvaa mguu wa bandia. Naye aelezwe jambo ambalo wengi hulivumbua kwa machungu: kigutu cha anayesafishwa damu hubadilika ukubwa. Kabla ya kipindi kimevimba, mguu wa bandia hauingii. Baada yake kimepungua, unacheza na kuchubua. Soksi za kigutu za unene tofauti, mbili au tatu, hutatua mengi. Na nyumba itazamwe kabla ya kumtoa wodini. Ngazi za Mji wa Kale ni nyembamba na zimesimama wima. Aliye ghorofa ya pili bila mguu ni mfungwa, labda ahamie kwa dada yake Bombolulu penye uwanja.

Rufaa ya kwenda Nairobi, inapohitajika, huanguka kwa mambo madogo. Reli au basi si tatizo. Tatizo ni kwamba anayesafishwa Jumatatu na Alhamisi anafika kliniki Jumatano, anaambiwa alale, na hakuna kiti cha kusafishia kilichomngojea Alhamisi. Barua itaje siku za kusafishwa na uzito mkavu, upande wa fistula, presha ya dole gumba au mlio wa dopla, albumini, potasiamu ya mwisho, umbali aliokuwa akitembea kabla ya donda, na donda limekaa wiki ngapi. Picha ya donda yenye rula pembeni iende kwa simu siku hiyohiyo. Donda la anayesafishwa damu lisingojee wiki 6 kuonekana na wa mishipa. Wiki 2 bila kupungua zinatosha.

Vituo vya nje vilivyowapa wauguzi wa kusafisha damu kazi ya kukagua miguu kila mwezi viliona miguu inayokatwa ikipungua. Sisi tungefanya kila wiki, maana mgonjwa yuko mbele yetu saa 4 amekaa tuli. Kuvua viatu na soksi, kutenganisha vidole, kuinua kisigino, kusikiliza kwa dopla: dakika 3 kwa mtu mmoja, mashine ikiwa inajizungusha yenyewe.

Na aliyekwisha kukatwa mmoja asipitwe. Mguu uliobaki sasa unabeba mwili wote, unasukuma kitanda wakati wa kujiinua, unalalia kisigino kilekile kwenye kiti kilekile. Wauguzi wakifungua bandeji ya kigutu, wavue na ile soksi ya upande wa pili.